Mkono wa Pili

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii tuliikariri tukiwa shule ya msingi, tukaipachika kwenye insha ili mwalimu atupe alama, na mpaka leo ndiyo ya kwanza kutajwa mtu akipata mtoto. Lakini kuna swali dogo ambalo hatukuulizwa darasani: huo mkono wa pili ni wa nani?

Waliotunga methali wangelicheka swali hilo. Mkono wa pili ulikuwa wa nyanya, wa shangazi, wa dada mkubwa, wa jirani wa ng'ambo ya ua. Leo unanishikia wangu niende kisimani, kesho nakushikia wako uende sokoni. Hakuna aliyeweka daftari la madeni kwa sababu deni lenyewe lilikuwa likizunguka na kurudi.

Nairobi, mkono wa pili unakuja na basi la usiku. Unatoka Busia, Kitui, Vihiga ama Turkana, na begi moja na namba ya simu iliyopatikana kwa rafiki wa rafiki au kwa wakala. Ukifika unaonyeshwa pa kulala, unaambiwa mtoto anakula nini na saa ngapi, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mwenye nyumba ameshatoka kukimbilia matatu. Mwenye mkono huo tunamwita yaya, dada, anti, msichana wa kazi. Kwa Sheng, tukidhani hasikii, tunamwita mboch. Mara nyingi anasikia.

Kwa kawaida mtu huyu akitajwa kwenye mazungumzo yetu huwa ni kero: amemaliza sukari, ameondoka bila kuaga, anashinda kwenye simu mtoto akikodolea katuni. Visa vya watoto kuumizwa vipo, na mzazi anayeogopa ana sababu ya kuogopa. Lakini hofu hiyo imetufanya tuulize swali moja tu: je, mwanangu yuko salama mikononi mwake? La pili hatuliulizi. Maana mara nyingi naye ni mama, na mwanawe lazima yuko mikononi mwa mtu.

Tuanze na mtoto wa mjini. Kuna watu wanaopenda kumwambia mama anayefanya kazi kwamba ameuza ulezi wake, kwamba mtoto anahitaji mama tu na mama peke yake. Hawa hawana hoja. Mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, alikuwa Uganda akifuatilia watoto wachanga wa familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kilitoka 1967, na aliyoyaona huko ni sehemu ya msingi wa elimu yote tuliyo nayo kuhusu namna mtoto anavyojifunga kwa mtu. Mtoto huchagua watu wachache wanaomjibu akilia, akawafanya kituo chake. Anatoka hapo kwenda kuchungulia dunia, akitishika anarudi mbio. Na kituo hicho si lazima kiwe mtu mmoja. Watoto wale walijifunga kwa mama, na wengine wakajifunga pia kwa watu wengine wa nyumbani. Mwaka 2009 Sarah Hrdy, mtaalamu wa anthropolojia, aliandika kitabu kizima kutetea wazo kwamba binadamu tumefika hapa tulipo kwa sababu watoto wetu walilelewa na wengi. Wahenga hawakukosea.

Kwa hivyo, si dhambi mtoto kumpenda yaya. Ndivyo anavyotakiwa kufanya. Tatizo linaanzia hapo hapo. Mtoto hajui mkataba wa kazi ni nini. Hajui kwamba huyu anayemwosha, anayemlisha na kumbembeleza ameajiriwa. Anachojua ni kwamba nikilia, huyu huja.

Rafiki yangu mmoja anayeishi Umoja alibadilisha yaya mara nne kabla binti yake hajafikisha miaka mitatu. Wa tatu aliondoka jioni moja baada ya ugomvi wa simu iliyopotea. Mtoto alikuwa amelala. Kwa wiki nzima, kila asubuhi, mtoto yule alisimama kwenye mlango wa jikoni akiita jina la mtu ambaye hakuna aliyetaka kumtaja. Akaanza tena kukojoa kitandani. Wazazi wakadhani ni homa, wakampeleka zahanati. Mtu mzima akiondokewa na ampendaye tunampikia, tunakaa naye, tunamwambia pole. Huyu mtoto alifiwa, kwa kadiri akili yake ilivyoweza kuelewa, na aliyepewa kuliwazwa naye ni mgeni mpya aliyeletwa Jumatatu.

Mikono mingi ni baraka. Mikono inayobadilishwa kama betri ni kitu kingine.

Sasa, tumefikaje hapa? Jibu la haraka ni kwamba watu wa mjini wamekuwa wabinafsi. Mimi naona tuangalie hesabu kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo. Baba anapewa wiki mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha kazini, na wewe jiulize kama umewahi kuona chumba hicho pale unapofanya kazi. Masomo ya awali ya serikali yanaanza mtoto akiwa na miaka minne. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na pia vituo vya kulelea watoto. Chekechea tunaziona. Vile vituo vingine, mama wa Mukuru au Mathare anavijengewa na jirani yake: chumba kimoja cha mabati, mkeka sakafuni, watoto wengi na mwanamke mmoja anayelipwa kwa siku. Tunakiita bebikea.

Kutoka miezi mitatu hadi miaka minne, basi, nchi haijui mtoto yuko wapi. Hiyo ndiyo miaka ambayo ubongo wake unakua kwa kasi kuliko miaka mingine yote atakayoishi. Pengo hilo halizibwi na serikali, halizibwi na mwajiri, na kusema ukweli, mara nyingi halizibwi na baba. Linazibwa na msichana aliyeshuka kwenye basi la usiku.

Na pengo likizibwa Nairobi, linafunguka Kitui. Mtoto wake yeye ana miaka minne, anaishi na nyanya yake. Nyanya huyo ana magoti yanayomuuma na wajukuu wengine wawili. Pesa zinatumwa kwa M-Pesa mwisho wa mwezi, sauti ya mama inakuja kwenye simu Jumapili jioni kama kuna mtandao, na mama mwenyewe anaonekana Disemba. Usiku mmoja mtoto huyo anapata homa, na kwa wakati huo huo mama yake yuko macho Nairobi akipima joto la mtoto mwingine.

Mnyororo huu ni mrefu. Mwanamke wa Nairobi anapanda ndege kwenda Riyadh au Doha kulea watoto wa huko, na nyumbani anaacha wake na dada yake, ama anamlipa mtu mwingine aliye maskini zaidi yake awaangalie. Mwaka 2000 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliuandikia mnyororo huu akiangalia akina mama waliovuka mipaka ya nchi kulea watoto wa wengine. Kwetu si lazima uvuke mpaka. Nauli ya basi inatosha.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba baba na mama wanagawana jukumu hilo sawa, wawe wameoana au la. Kisha kinasema katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi bora ya mtoto yatangulizwe. Maneno mazuri. Lakini kwenye nyumba yenye yaya, maslahi ya mtoto yupi? Maana nyumba hiyo inahusu watoto wawili, na mmoja wao hajawahi kuingia ndani.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimeyasikia kwenye meza nyingi.

La kwanza: namlipa, amekubali, yamekwisha. Sawa. Kuanzia Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara kwa kazi za ngazi hii katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Sheria inampa siku moja ya mapumziko kila wiki na siku 21 za likizo kila mwaka. Kila msomaji wa mjini anajua kinacholipwa kwenye ploti yao. Na hata anayelipa hadi senti ya mwisho amenunua saa, hajanunua kile kitu kingine ambacho mwanawe anapewa kila siku, yaani moyo wa mtu. Hicho hakina bei, na ndiyo sababu ni rahisi kukichukua bure.

La pili: bila kazi yangu angelala njaa. Huenda ni kweli. Lakini hoja hiyo ina kasoro moja: haina sakafu. Ukimpa elfu tano itafanya kazi, ukimpa elfu mbili itafanya kazi, ukimpa chakula tu na godoro bado itafanya kazi, mradi kwao kuna njaa zaidi. Hoja inayohalalisha bei yoyote ile haikwambii lolote kuhusu bei ya haki.

La tatu ndilo gumu: mimi mwenyewe nimebanwa. Mwalimu ama karani wa benki anayepata elfu thelathini na kitu, analipa kodi ya nyumba Roysambu, nauli, chakula na mkopo wa simu, atatoa wapi elfu kumi na sita? Hili sina ujasiri wa kulipuuza. Mama huyu si tajiri anayemnyonya maskini. Ni mtu aliyekabidhiwa mzigo na mwajiri wake na nchi yake, akageuka kutafuta wa kumkabidhi. Naye aliyekabidhiwa akaukabidhi kwa mama yake kijijini. Mzigo ukishushwa hivyo, hatima yake ni kumfikia yule asiye na mtu wa chini yake, naye ni mtoto wa miaka minne. Kwa hivyo kosa haliko kwa mama mmoja wa Roysambu. Lakini kujua kwamba kosa ni la wengi hakumwondolei mtu sehemu yake. Kunamwonyesha tu ukubwa wake na mipaka yake.

Tufikirie basi tunadaiwa nini. Watu wa Pwani wana wazo ambalo bara tungefaidika kulisikiliza. Kwa sheria ya Kiislamu, mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake kwa kiwango kinachotambuliwa na sheria hiyo, anakuwa mama yake wa kunyonya. Watoto wake wanakuwa ndugu zake wa kunyonya, na hawawezi kuoana. Angalia uzito wa jambo hilo. Mtu hakuzaliwa na wewe, huenda hata ukoo wake huujui, lakini kwa sababu mama yake alikupa sehemu ya mwili wake, yeye ni nduguyo mpaka kufa. Malezi hapo hayaishii kwenye malipo. Yanaunda udugu, na udugu huo unamfikia hadi mtoto wa mlezi. Yule mtoto wa Kitui, kwa mantiki hiyo, ana jina. Ni ndugu.

Lakini tusikimbilie huko tukafurahi. Pwani hiyo hiyo, kabla utumwa haujapigwa marufuku kisheria mwaka 1907, wajakazi waliwalea watoto wa mabwana zao, na maneno matamu ya udugu hayakuwapa uhuru. Leo tuna sentensi yetu: huyu ni kama familia. Isikilize vizuri inavyotumika. Ni kama familia, kwa hivyo hahitaji mkataba. Ni kama familia, kwa hivyo anaamka usiku mtoto akilia na hakuna anayehesabu saa hizo. Ni kama familia, lakini vikombe vyake viko kando. Siku ya ugomvi tunakumbuka ghafla kwamba ni mfanyakazi, anafunga begi usiku huo huo. Yaani tunamfanya ndugu tukitaka kazi ya ziada, tukamfanya mfanyakazi tukitaka kumfukuza. Haki ni kinyume cha hapo: apewe haki zote za mfanyakazi, na juu yake, si badala yake, apewe heshima ya mtu anayependwa na mwanao.

Profesa John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya, alitufundisha kwamba mtu wa Kiafrika anajitambua kupitia jamii yake, kwamba kuwapo kwangu kunategemea kuwapo kwetu. Tunalipenda wazo hilo, tunaliweka kwenye fulana. Jaribio lake la kweli si kwenye mikutano. Ni jikoni, saa mbili usiku, kujua kama huyu aliyeosha vyombo yumo ndani ya hiyo "sisi" ama yuko nje akiitengeneza.

Na kuna anayelisoma jaribio hilo kila siku akiwa kwenye kiti chake cha kulia chakula. Tunahangaika na shule, na vitabu vya rangi, na saa ngapi mtoto aangalie skrini, halafu somo kubwa kuliko yote tunalifundisha bila kujua. Mtoto anaona nani anakula mezani na nani anakula amesimama. Anasikia nani anaombwa na nani anaamrishwa. Akifika miaka mitano ameshajua binadamu wamepangwa vipi, na hakuna mtaala utakaomfundisha vinginevyo kwa urahisi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na tunamlea pia kwa namna tunavyomtendea anayemlea.

Yapo yanayowezekana leo, hata kwa mwenye mshahara mdogo. Ukimwajiri mtu, muulize kama ana mtoto, analala kwa nani, anasoma wapi. Si ati umhoji. Ni kwamba huwezi kupanga zamu za nyumba yako kana kwamba mtoto huyo hayupo. Andikianeni mkataba, hata kwenye karatasi ya daftari. Siku ya mapumziko iwe siku kweli. Nauli ya kwenda nyumbani katikati ya mwaka, si Disemba tu, iwe sehemu ya makubaliano. Jioni, simu ya mtoto wake isiwe jambo la kujificha bafuni. Na akiondoka, hata kama mmekosana, mtoto apewe nafasi ya kumuaga na kuambiwa ukweli kwa lugha anayoielewa.

Na baba? Mkono wa pili uliotajwa na wahenga haukuwa lazima utoke mbali. Kuna mkono ndani ya nyumba nyingi ambao unarudi jioni, unakaa, unasubiri chai. Katiba imeshasema jukumu ni sawa. Mkono huo ukimwogesha mtoto na kuamka usiku, yaya atalala, na labda atatosha wa kutwa anayerudi kwake jioni, kwa mwanawe mwenyewe.

Yaliyobaki ni makubwa kuliko nyumba moja: likizo ya uzazi inayofikia walau ile miezi sita ya kunyonyesha, na vituo vya kulelea watoto ambavyo kaunti zimepewa na Katiba lakini sisi hatuvidai. Tunapiga kelele kuhusu barabara na taa za mitaani. Sijasikia mkutano wa hadhara ambapo mgombea wa ugavana aliulizwa watoto wa miaka miwili wa kaunti yake wanashinda wapi.

Wengi wetu tunaosoma kurasa hizi tulilelewa hivyo hivyo. Kuna mwanamke aliyetufundisha kushika kijiko, aliyejua tunaogopa mbwa gani na tunapenda uji wa aina gani. Wengi wetu tunalijua jina lake la kwanza tu. Hatujui kwao ni wapi hasa, wala kama mwanawe, ambaye sasa ni rika letu, alimaliza shule. Mama zetu huenda bado wanaikumbuka namba yake, ama jina la kijiji chake. Hilo ni jambo la kuuliza wiki hii, wakiwa bado wapo wa kuulizwa.